Kifaa cha Sitini na Moja

Kabla sijaanza, nenda ukafungue mlango. Usinicheke. Upenyo wa kidole unatosha. Mambo haya hayataki kusikilizwa na mtu aliyejifungia ndani, na nikimaliza utajua kwa nini.

Ilikuwa Jumanne, mwishoni mwa Agosti, saa nne asubuhi. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya ziwa na mabati ya Homa Bay yameanza kuumiza macho. Fundi Tony Obare alikuwa amepiga magoti mbele ya paneli ya ving'ora vya moto, kwenye mapokezi ya hoteli mpya ya Bwana Maranga, akisubiri mtambo umalize kuhesabu. Ndivyo kazi hiyo ilivyo. Ukishafunga vihisi moshi darini, vitufe ukutani na kufuli za sumaku milangoni, unaiamuru paneli ipite kwenye waya wote ikiita kila kifaa kwa namba yake, na kila kifaa huitika. Tony alikuwa amefunga vifaa sitini: arobaini na vinne hapo hotelini, na kumi na sita kwenye stoo ya tumbaku ya Maranga kule Migori, iliyounganishwa na hoteli kwa netiweki ili tajiri huyo aone mali yake yote kwenye kioo kimoja. Alivifunga kwa mikono yake na alivihesabu mara mbili.

Paneli ilihesabu sitini na moja.

Akaifuta hesabu, akaanza upya. Sitini na moja. Akaifungua orodha na kuteremka hadi mwisho, na hapo akakikuta kile kisichokuwa chake. Kiliandikwa: kitufe cha kutokea, Migori, chumba cha tatu.

"Enjinia, mbona umekuwa hivyo?" aliuliza Nyarangi, msimamizi wa hoteli, mama wa Kikuria kutoka Kegonga ambaye hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Alikuwa akipangusa meza ya mapokezi. "Umeona nyoka?"

"Hesabu imekataa tu."

"Si uhesabu tena? Jumapili tunafungua, na Bosi amealika watu themanini. Wengine wanatoka mpaka Mfangano."

Tony akasema atahesabu tena, lakini hakuhesabu. Alijua kwamba kule Migori chumba cha tatu hakikuwa na kitufe, wala kihisi, wala uzi mmoja wa waya. Kilikuwa kimejengwa upya baada ya moto, kikawekwa mlango wa chuma usio na kufuli ya aina yoyote, kikaachwa na sakafu ya udongo, kitupu, kwa sababu hakuna mfanyakazi aliyekubali kuingia humo.

Sasa nikueleze kwa nini fundi hakuthubutu kuhesabu tena.

Mwaka uliotangulia, mwezi wa Machi, stoo ile iliungua. Lakini kabla ya kuungua, Maranga alikuwa na malalamiko. Wachambuzi wa majani, alisema, wamegundua ujanja: mmoja anapuliza moshi wa sigara kwenye kihisi, milango inajifungua yenyewe, na marobota ya tumbaku yanatokea nyuma. Akamwita Tony. "Mlango wa chumba cha tatu usifunguke ovyo," akamwambia. "Ofisi ikubali kwanza." Kila fundi wa kazi hii anafundishwa siku ya kwanza kwamba moshi ukionekana, mlango unafunguka, haumngoji mtu. Tony alinung'unika kidogo, kama mtu anayetaka isemwe baadaye kwamba alinung'unika. Kisha akafungua jedwali la amri za mtambo na kuandika: IKIWA moshi chumba cha tatu, BASI mlango wa tatu usubiri amri ya ofisi.

Moto ulipozuka ilikuwa saa ya chakula cha mchana, mvua inanyesha. Wafanyakazi wote walikuwa wamejibanza kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, isipokuwa mmoja. Awino, msichana wa Kosele, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, hakutaka kulowa, akabaki chumba cha tatu na sahani yake ya nyoyo, mahindi na maharagwe. Ofisi ilikuwa imefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Maranga, matangani Rongo. Mlango ulisubiri amri. Umeme ulipokatika, betri za akiba zikaendelea kuushikilia, kama Tony alivyozipanga.

Paa liliporomoka na tumbaku ikaungua siku mbili. Katika majivu yale haikuonekana hata pini ya nywele. Maranga akatangaza kwamba Awino aliondoka kabla ya adhuhuri, na haikupita wiki mji mzima ukawa unasema amevuka Isebania na dereva wa lori, yuko Tanzania anakula maisha. Mama yake aliambiwa asubiri simu.

Paneli ya stoo yenyewe, kwa kuwa ilikuwa ofisini, haikuungua. Tony alipoifungua kumbukumbu yake alikuta kitufe cha kutokea cha chumba cha tatu kilibonyezwa mara sitini na moja ndani ya dakika tisa. Mwanzoni kilibonyezwa harakaharaka. Kisha kwa kuachana. Mbonyezo wa mwisho ulikaa peke yake, mbali na mingine. Maranga alikuwa amesimama nyuma yake, mkono begani. "Futa, omera," alimwambia kwa upole, kama ndugu. "Aliyekwenda amekwenda. Na mimi najenga hoteli, nitahitaji fundi." Tony akafuta. Halafu akaandika ripoti ya mkaguzi, na kwenye mstari wa chumba cha tatu akaandika: hakuna mtu ndani. Akatia sahihi.

Wako watakaosema alikuwa kijana, aliogopa. Mimi sina la kumtetea.

Jumatano, saa nane mchana, kifaa cha sitini na moja kilianza kubonyezwa. Paneli ililia mlio mfupi, kioo kikaandika kwamba kitufe cha chumba cha tatu kimebonyezwa. Tony akaunyamazisha. Ukalia tena. Akaunyamazisha tena, na safari hii pamoja na mlio ilikuja harufu, si ya moshi bado, ni harufu tamu na nzito ya majani makavu yaliyofunguliwa kutoka kwenye robota.

"Nani anavuta hapa ndani?" Nyarangi aliuliza akitoka jikoni. Akanusa. "Hapana, hii si sigara. Hii ni jani. Kwetu watu wanalima hii kitu, mimi naijua. Enjinia, hii imetoka wapi?"

"Labda imekuja na upepo."

"Upepo gani? Madirisha yote imefungwa."

Tony alifungua kompyuta yake ya mkononi ili akiondoe kifaa kile kwenye jedwali. Alikuwa anajua kila mstari humo, maana aliuandika yeye: ikiwa moshi jikoni, basi feni zizimwe, ikiwa moshi ngazini, basi milango yote ifunguke. Mwisho wa jedwali kulikuwa na mistari miwili ambayo hakuiandika, ila ilikuwa imeandikwa kwa namna yake hasa, herufi kubwa pale anapoziweka, nukta pale anapoiweka.

IKIWA Maranga yuko ndani, BASI mlango usubiri amri ya ofisi.

IKIWA Obare yuko ndani, BASI mlango usubiri amri ya ofisi.

Akaifuta. Akafunga kompyuta, akaifungua, akaikuta. Akafuta jedwali zima, akarudisha nakala ya wiki iliyopita, ile ambayo aliiandaa nyumbani kwake kabla hata paneli haijafika Homa Bay, na mistari ile ilikuwemo humo pia, katika nakala ya zamani, na tarehe yake ilikuwa siku ya moto. Hapo ndipo aliposikia Nyarangi akimwita.

Mama yule alikuwa ameingia stoo ya mashuka, chumba kidogo mwisho wa ukumbi, na mlango ulikuwa umejifunga. Tony alikimbia, akavuta, akaita, akasikia Nyarangi akijibu kwa sauti ndogo "Niko hapa, fungua," akakimbilia kwenye swichi kuu na kukata umeme wa hoteli nzima, akang'oa na betri za akiba kwa mikono mpaka nyaya zikamchana kidole, akarudi akijua kwamba sasa mlango ule ni ubao tu, kwa sababu kufuli ya sumaku isiyo na umeme ni kipande cha chuma ambacho mtoto anaweza kukibandua, lakini mlango ulikuwa umeshika kama umejengewa ukutani, na kutoka upande wa pili, chini, karibu na sakafu, mtu alikuwa anagonga, taratibu, kwa kuachana, na yule aliyekuwa anagonga hakuwa Nyarangi, maana Nyarangi wakati huohuo alikuwa anasali kwa Kikuria upande wa juu, karibu na sikio lake.

Mlango ulifunguka wenyewe baada ya dakika tisa.

Nyarangi alitoka, akaketi chini ukumbini. Hakulia. Alipozungumza, alizungumza kwa kunong'ona, kana kwamba kuna mgonjwa amelala karibu.

"Sikuwa peke yangu."

"Nani alikuwepo?"

"Msichana. Sikumwona. Alikuwa anagonga kando ya miguu yangu, anagonga kama mtu amechoka. Nikamwambia, jini, mimi nina watoto. Akaniambia nisiogope. Akaniambia si mimi ananingoja."

Tony alifuta damu ya kidole chake kwenye shati.

"Enjinia, wewe unamjua," Nyarangi alisema.

"Mama Nyarangi..."

"Usinidanganye, nimekuwa naye dakika tisa. Kama kuna kitu ilifanyika, tengeneza kabla ya Jumapili. Watu themanini, milango zote zikishika hivi, itakuwaje?"

Hiyo ndiyo hatari iliyokuwepo. Hoteli ingejaa Jumapili, Maranga angekuwemo, Tony angekuwemo, na milango ingefungwa kwa ajili yao, pamoja na wageni wote.

Alhamisi asubuhi Tony alimfuata Maranga stoo ya Migori akamwambia yote. Alitarajia kuchekwa. Badala yake alimwona tajiri yule akikaa juu ya robota la tumbaku taratibu, na uso wake ukawa wa mzee.

"Huyo si jini," Maranga alisema kwa sauti ya chini. "Hao majini ni ya watu wa pwani. Huyo ni jachien. Amekufa vibaya, na hajazikwa."

"Sasa tufanye nini, jaduong'?" Tony alimuuliza, kwa heshima ya mzee.

"Mwili hakuna. Mwili ukikosekana, Jaluo anazika yago. Nyanya yangu alimfanyia mjomba wangu aliyezama ziwani, nikiwa mdogo. Tunda linalala badala ya mtu, na mambo yanaisha."

Yago ni lile tunda la mti wa mwegea, refu kama mkono wa mtu mzima, zito, la rangi ya kijivu, linaloning'inia kwa kamba yake. Maranga alituma mlinzi wake mtoni, likaletwa moja kwenye gunia. Hapo walikuwa na nafasi ya kufanya jambo sahihi. Kosele haiko mbali. Lakini kulipeleka yago Kosele ni kumwambia Mama Susana kwamba binti yake amekufa, na kumwambia amekufa ni kumwambia wapi, na vipi, na nani alijua. Maranga akapiga hesabu yake. Akasema, "Tutamzika palepale alipofia. Udongo ni udongo."

Tony, ambaye alikulia Nakuru na mila za kwao alizijua nusunusu, alihisi kuna kitu hakijakaa sawa, ila hakujua ni kitu gani. Saa sita mchana walichimba sakafu ya chumba cha tatu. Maranga akalilaza tunda, akalitaja jina, Awino nyar Kosele, binti wa Kosele, akamwambia alale, mahali pake ni hapa. Aliyasema maneno hayo kwa kinywa chake. Wakafukia, wakakanyaga udongo ukawa sawa.

Ijumaa yote ilikuwa salama. Paneli ilihesabu sitini. Harufu iliondoka. Nyarangi alipanga viti, mafundi wa rangi wakamaliza ngazi, na Tony akala chakula kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Jumamosi asubuhi alifungua mtambo kwa ukaguzi wa mwisho. Sitini na moja. Mistari miwili ilikuwa imerudi kwenye jedwali, na juu yake, pale panapoandikwa jina la mwenye mamlaka ya ofisi, yule mmoja ambaye milango yote husubiri amri yake, jina la Maranga lilikuwa limeondoka. Paliandikwa Awino.

Hakungoja kuambiwa na mtu. Aliingia kwenye pikapu yake akaenda Kosele.

Mama Susana alikuwa ndiyo kwanza anatoka kanisani, kwa maana yeye ni Msabato wa siku nyingi, Biblia kwapani, viatu mkononi kwa sababu ya tope la shamba la viazi vitamu. Alimkaribisha kabla ya kumjua. "Karibu, nyathina, mwanangu. Wewe ni wa nani?" Akamwekea kiti mlangoni, akamletea maji. Tony aliyashika maji yale bila kuyanywa akasema. Alisema mstari aliouandika. Alisema sitini na moja. Alisema alifuta, na alisema aliandika nini kwenye ripoti. Alipomaliza, yule mama aliinama akafuta tope miguuni.

"Mwaka na nusu," Mama Susana alisema. "Kila simu ikilia, nasema ni Tanzania."

"Nisamehe, Mama."

"Sijakuuliza hiyo. Mmemzika wapi, hiyo yago?"

"Palepale. Chumba cha tatu."

Mama Susana aliinua uso, na kwa mara ya kwanza Tony aliona hasira, hasira iliyokuwa imekaa siku nyingi ikisubiri mtu wa kwenda kwake.

"Mtu anazikwa kwao. Pale unapomzika ndipo unampa boma. Huyo mzee ni Jaluo, anajua. Amemwambia mtoto wangu mahali pako ni hapa?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi amempa stoo. Amempa na hiyo hoteli, kama mmezifunga pamoja. Kwa nini atoke? Yuko kwake." Alisimama, akajifunga leso kiunoni. "Kanisani tunafundishwa wafu wamelala. Awino hamkumpa mahali pa kulala. Twende."

"Leo ni Sabato, Mama."

"Najua leo ni nini. Washa gari."

Njiani Tony alimpigia Maranga simu, kwa sababu alidhani ni uungwana. Akamwambia amesema kila kitu, na mama anakuja kulichukua tunda mbele ya watu. Maranga akasema, "Umenimaliza, Obare," akakata. Alichofanya baada ya hapo ni rahisi kukisia. Asingekubali mama wa Kosele atoke getini kwake amebeba ushahidi mgongoni. Alichukua jembe akaingia chumba cha tatu peke yake, alifukue tunda lile akalitupe.

Walipofika, saa tisa na nusu, jua kali, watu wa soko wanapita barabarani na mifuko yao, mlinzi wa geti alikuwa anauvuta mlango wa chumba cha tatu kwa mikono miwili, mguu mmoja ameukandamiza ukutani. "Hii mlango haina kufuli!" alikuwa anapiga kelele. "Haina hata komeo! Bosi ako ndani!"

Ndani mtu alikuwa anagonga harakaharaka.

Tony alivuta, wakavuta wote wawili, wakaleta nondo ikapinda, na hakukuwa na moshi popote, wala joto kwenye chuma, wala ufa wa kuonyesha mlango umeshikwa na nini, ila harufu ya majani ilikuwa imejaa uani mpaka mlinzi akawa anakohoa, na sauti ya Maranga ilikuwa inatoka mle ndani ikisema moto, jamani, moto, mnaniachia moto, na katikati ya hayo simu ya Tony, ile iliyounganishwa na paneli ya Homa Bay, ikaanza kutetema mfukoni, akaitoa, akasoma: moshi, chumba cha tatu, mlango unasubiri amri ya ofisi. Akabonyeza fungua. Kioo kikafikiri kidogo. Kisha kikamrudishia maneno yake mwenyewe, yale ya ripoti, neno kwa neno.

Hakuna mtu ndani.

Alibonyeza tena, na tena, na kila mara kilimjibu vilevile.

"Mama," alisema, na sasa alikuwa analia waziwazi, "mwambie afungue. Wewe atakusikia."

Mama Susana alikuwa amesogea hadi mlangoni. Aliweka kiganja chake kwenye chuma, chini, karibu na sakafu, na kukiacha hapo.

"Ulisema alibonyeza mara ngapi?"

"Sitini na moja."

"Na huyu amefika ngapi?"

"Sijui, Mama. Arobaini. Mwambie, tafadhali!"

Mama Susana alisimama pale, amefunga macho, midomo inacheza kidogo, na Tony alipotambua kwamba hasali bali anahesabu, akaketi chini. Mapigo yalianza kuachana. Moja. Kimya. Jingine. Kimya kirefu. La mwisho lilikuja peke yake, dogo, chini kabisa, mahali palepale kilipokuwa kiganja cha mama.

Mlango ukafunguka bila kusukumwa.

Mle ndani mlikuwa na hewa safi na mwanga wa jua kutoka tundu la juu. Maranga alikuwa amelala kifudifudi mlangoni. Nguo zake hazikuwa na hata doa la masizi. Daktari baadaye aliandika kwamba moyo ulisimama, na huenda ndivyo, lakini aliyemuosha alisema ncha za vidole vyake vyote kumi zilikuwa na rangi ile ya kahawia inayowashika wachambuzi wa majani, ile isiyotoka kwa sabuni, na mtu huyo hakuwahi kuchambua jani hata moja maishani mwake.

Mama Susana alimruka kama anavyoruka mtu mfereji. Alichimba kwa mikono pale jembe lilipoachia, akalitoa lile tunda, akalipangusa udongo kwa pembe ya gauni lake la kanisa. Akalifunga mgongoni kwa leso, akaliweka sawa, akalipigapiga kidogo. "Awino, nyara," alisema, "wadhi dala." Binti yangu, twende nyumbani. Alitembea mpaka nje ya geti, na harufu ya majani ikatoka pamoja naye, ikapita kati ya watu waliokuwa wamejazana barabarani, wakapisha njia bila kuambiwa.

Walimzika Kosele siku ya pili, mbele ya nyumba ya mama yake. Tony alisimama kaburini mbele ya ukoo na majirani na kusema tena yote, bila kuruka kitu. Kutoka pale alikwenda mwenyewe kituo cha polisi akaandikisha maelezo. Hoteli haikufunguliwa. Nyarangi alirudi Kegonga na hataki kuulizwa.

Jumatatu, kabla ya kukabidhi kompyuta yake kwa wapelelezi, Tony aliihesabisha paneli kwa mara ya mwisho. Sitini. Mstari wa Maranga ulikuwa umefutika. Mstari wa pili ulikuwepo: IKIWA Obare yuko ndani, BASI mlango usubiri amri ya ofisi. Na mwenye ofisi hakuwa tena Awino. Paliandikwa Susana.

Alirudi Kosele akamkuta anachimba viazi.

"Mama, nimesema yote. Mbele ya watu na mbele ya serikali."

"Nilikusikia."

"Basi mwambie aniachilie."

Mama Susana alifuta jembe lake kwa jani. "Mimi nilimwambia aje nyumbani. Sikumwambia akusamehe. Hiyo ni yangu, na bado sina."

"Utakuwa nayo lini, Mama?"

"Nahesabu," alisema. "Kila Sabato, moja. Nikifika sitini na moja yake, nitaangalia moyoni kama ipo."

Sasa Tony yuko nje kwa dhamana. Amepanga chumba Homa Bay, ameng'oa mlango akaupa jirani, na mbuzi wanaingia watakavyo. Haingii dukani, hutuma mtu. Siku ya kutajwa kwa kesi alisimama kwenye kizingiti cha mahakama mpaka hakimu akakubali mlango uzuiwe kwa kiti. Mara moja tu ulisukumwa na upepo ukajifunga, na kabla karani hajaufikia, watu wote mle ndani walinusa tumbaku.

Hukumu yake itasomwa Juni mwakani. Wakili amemwambia ajiandae, atafungwa, pengine miaka saba. Tony alimuuliza swali moja tu, kama milango ya gereza hufungwa hata mchana. Wakili alidhani anatania.

Kwa hesabu ya Mama Susana, Juni itakuwa ni thelathini na tisa.